Jembe Halibishi Hodi

Mabukwe,

Mama mkwe wangu, kwa heshima na taadhima, nikiwa nimesimama wima mbele yako (nimekaa kwenye kigoda chako, ila moyo ndio uliosimama), natangaza rasmi kwamba Sajini hatunaye tena. Alitutoka Jumapili baada ya misa. Hakuugua, hakuacha wosia. Ameacha wajane wengi pale bandani na sijamwona hata mmoja aliyedondosha chozi. Mchuzi wake, kusema kweli, ulikuwa mtamu kuliko tabia yake.

Namsema jogoo, usije ukaamka bure.

Jina ulimpa wewe. Watu walicheka tu, wakadhani ni kwa sababu ya kile kilemba chake chekundu na alivyokuwa akitembea kifua mbele kama anakagua gwaride. Mimi nilikuwa najua. Uliniambia, "Jua likimwambia wika, anawika. Mwulize kwa nini, atakugeuzia jicho moja akuone mjinga."

Najua sasa hivi unanicheka. Huyu naye, anamwandikia barua mtu ambaye hajawahi kushika kalamu! Lakini si uko na Mwalimu, mume wako? Mwambie akusomee. Miaka yote hiyo hamjaonana, atafurahi kupata kazi. Tena yeye ndiye aliyenifundisha a, e, i, o, u nikiwa binti wa jirani, kule kwetu Burundi, kabla sijajua kwamba nitaolewa na mwanaye na mdomo wangu utafungwa. Akiona makosa ya herufi, ajilaumu mwenyewe.

Nasema mdomo utafungwa kwa sababu wewe ndiye uliyeufunga. Siku naingia nyumbani kwako kama mkamwana ulinikumbusha: kwetu mwanamke hamtaji jina baba wa mume wake, awe hai, awe amekufa. Nami nimelishika hilo kama amri ya kumi na moja. Pale zahanati kuna mganga mwenye jina hilo hilo, mimi namwita Dakta Sindano, mpaka mkewe ameanza kuniangalia vibaya. Fundi baiskeli wa pale stesheni naye analo, huyo nimempa jina la Baba Magurudumu. Ulikuwa ukinichungulia pembeni uone kama nitateleza. Pombe yangu ulisema ni maji yaliyooshewa mtama. Ugali wangu ulisema una mabonge ya kufukuzia ngedere. Lakini kwa jina la Mwalimu hukunishika hata siku moja.

Habari nyingine za nyumbani ni za kawaida. Mihogo ya bondeni nguruwe pori wameivuna kabla yetu. Bani la kukaushia tumbaku limevuja upande ule ule uliomwambia Yohana autazame, naye mwanao akasema atautazama, na anautazama mpaka leo. Mjukuu wako Leoni anasoma Mpanda mjini, anakaa Nsemulwa kwa shangazi yake, akirudi huku kila kitu ni "poa", hata malaria. Treni inachelewa. Na redio kila jioni inaitaja nchi yetu. Tangu kule kulipochafuka tena mwaka wa tisini na tatu, watu hawaishi kuvuka. Nikiwaona wageni wanashuka na magodoro kichwani nakukumbuka wewe ulivyofika hapa Katumba, huna godoro, huna sufuria, una koti la mwanamume begani.

Basi, tuje kwa yule Sajini mwingine, ambaye haingii chunguni kirahisi.

Alihamia kijijini kwetu akitokea makazi ya wakimbizi ya kule Tabora, akiwa na baiskeli mpya, mke mpya na tarumbeta. Akasema ndiyo, zamani alikuwa jeshini kule kwetu, lakini kwenye bendi. "Mimi nilikuwa napuliza tu," ndilo lilikuwa neno lake. Na kweli alipuliza: Pasaka, Krismasi, hata siku katekista aliponunua mbuzi. Watu wakampenda. Ana sauti, ana mgongo ulionyooka, anajua kuwapanga watu mistari. Ng'ombe wa Wasukuma walipoanza kuibwa na sungusungu wakaundwa, nani mwingine angekuwa mkuu wao? Tangu hapo ndiye Kamanda, hata mkewe anamwita hivyo, mezani.

Wewe peke yako hukumpa mrija. Chungu cha pombe kikiwekwa katikati, kila mtu anachomeka mrija wake, na anayenyimwa ameambiwa jambo zito kuliko tusi. Kamanda alikuwa akipita uani kwako wanaume wote wameinama chunguni, na wewe unasema bila kugeuka, "Huyo alishakunywa kwangu." Basi. Watu wakasema bibi amekuwa mchoyo, uzee huo. Yohana aliona aibu mpaka akamfuata Kamanda nyumbani kwake na kibuyu kilichojaa, kumwomba radhi kwa ajili ya mama yake. Na Kamanda akaipokea ile radhi! Aliipokea, akanywa, akamsamehe! Siku hiyo ulikuwa unachambua maharage, na kila haragwe bovu ulilirusha mbali kuliko lilivyostahili.

Ndipo ukaniambia mimi. Tulikuwa tunamenya mihogo, tumbo lako limeshaanza kuvimba kwa ule ugonjwa uliokuondoa, na ukaongea kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika.

Alikuja asubuhi, mwaka ule wa sabini na mbili, watu wetu walipokuwa wakikusanywa na kuuawa. Lori lilisimama barabarani chini ya migomba. Hakuvunja mlango, na hilo ndilo lililokuuma kuliko yote. Alibisha hodi. Akavua kofia. Akasema ana kiu. Na wewe, mwanamke uliyelelewa vizuri, ukampa pombe ya ndizi kwenye kibuyu na mrija juu yake. Akanywa, akafuta mdomo, akakusifu: "Mama, hii imeiva." Halafu akamgeukia mume wako. "Tuondoke, Mwalimu, ni maswali machache tu." Mwalimu akanyoosha mkono kuchukua koti msumarini. Yule sajini akamwambia kwa upole kabisa, "Acha koti. Kuna joto."

Hapo ukamenya muhogo mmoja mpaka ukakuishia mkononi.

"Kule kwetu jioni kuna baridi, Vero," ukasema. "Yule alijua Mwalimu hafiki jioni."

Yohana hakuwapo, alikuwa shule ya bweni. Alikuja kukukuta huku ukiwa na koti tu, na hukumweleza zaidi ya kwamba walimchukua. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa na umri wa kuchunga mbuzi, nyumba ya pili kutoka kwenu. Na kwetu pia alikuja askari, kutoka lori lile lile, na amri ile ile. Kijana mwenye mwanya. Alizunguka nyuma ya nyumba akamkuta baba amejikunyata nyuma ya ghala la mahindi. Wakatazamana. Yule kijana akageuka akapaza sauti kuelekea barabarani, "Hapa hamna mtu, wamehama!" Akavunja mtungi wetu mmoja kwa kitako cha bunduki ili wenzake wasikie kazi inafanyika, akaondoka. Baba yangu alikufa hapa hapa Katumba, kitandani kwake, akilalamikia magoti.

Yule kijana alipatwa na nini, sijui. Pengine alipigwa. Pengine naye aliuawa. Pengine yuko mahali anauza vitunguu na hajui kwamba kuna mama mmoja wa Mpanda anamtaja kwenye rozari kila akifika fungu la tatu. Lakini mtu asije akaniambia amri ilikuwa moja, nikubali kwamba na mtu alikuwa mmoja. Walishuka kwenye lori wawili.

Unakumbuka nilivyokuletea ile hekima ya Kamanda? Ilikuwa baada ya taarifa ya habari, wanaume wamekaa kwa katekista, mmoja akauliza: hivi hawa askari wanaoua kule, wakilala wanaota nini? Kamanda akakohoa kwanza, kama mtu anayetaka kukuuzia kitu. Akasema, "Askari ni jembe. Nani amewahi kulilaumu jembe kwa shimo?" Wote wakatingisha vichwa. Mwanamume akisikia kitu kinachofanana na methali, kichwa kinatingishika chenyewe. Mimi nikakimbia nayo mpaka kwako, nikidhani utalia. Ulicheka mpaka ukakohoa.

"Jembe halibishi hodi," ukasema. "Jembe haliombi pombe. Wala jembe halimwambii mtu aache koti."

Na mimi nikaongeza langu, nalo ulilipenda. Maana huyu alipomaliza kuwapakia wenzake, wakubwa wake wakamgeukia na yeye, damu yake ikiwa ile ile ya waliopakiwa. Ghafla jembe likaota miguu! Likavuka mto, likaingia Tanzania, likaomba ardhi na chumvi kama sisi. Sasa hakuna aliyemwamuru akimbie, Mabukwe. Amri hiyo alijipa mwenyewe, na aliitekeleza vizuri kuliko zote.

Watu wakiniuliza kama namchukia, nasema hapana, na si kwa utakatifu. Chuki inataka kuni nyingi na mimi ni mvivu, unanijua. Dharau inaiva yenyewe.

Ulinipa masharti. "Usimwambie Yohana nikiwa hai. Atachukua panga, na mkimbizi akiua mtu hana pa kukimbilia tena. Sitaki yule afe. Kufa, kila mtu anakufa. Nataka asiwahukumu watu. Siku watakayotaka kumpa fimbo, useme."

Nilikuitikia haraka, kama ninavyoitikia kila kitu. Nilijua hawatampa. Fimbo ya mshingantahe, mzee mwamuzi, hawapewi wapuliza tarumbeta. Anayeishika ndiye anayekaa mbele watu wakigombania mpaka wa shamba au mke, anaipiga chini, na neno lake linakuwa haki. Wengine wametazamwa miaka mingi wasipewe. Mzee Bonifasi, mkubwa wa waamuzi hao, aliwahi kumnyima mtu kwa sababu alimdanganya mama yake bei ya kuku.

Kumbe wanaogopa wezi kuliko wanavyoogopa waongo. Nyasi hazijaota kaburini kwako, wakatangaza: Kamanda anatawazwa. Mavuno yakiisha, watu wakusanyike uwanjani kwake. Na wa kumkabidhi mrija wa kwanza, ili ile aibu ya zamani ya bibi ifutike, ni Yohana. Na wa kupika pombe ni mimi. Mimi! Kijiji kizima kimekosa mpishi.

Nililiwaza hilo huku nakausha kimea. Nikimwambia Yohana tukiwa wawili nyumbani, panga liko nyuma ya mlango. Nikimwambia mbele ya watu, kuna mikono ya kumshika. Na nisipomwambia kabisa, siku moja mjane fulani atakwenda kulalamika amenyang'anywa shamba, na atakayempigia fimbo chini na kumwambia "sema ukweli, mama," ni yule aliyemwambia mume wako kuna joto. Nikaendelea kukausha kimea.

Sasa kabla sijakueleza, ujue kwamba mjini Mpanda hadithi imeshakuwa nyingine. Sokoni wanasema nilipandwa na roho yako, nikanguruma kwa sauti ya kiume. Mama mmoja anayeuza dagaa wa Karema alinisimulia mimi mwenyewe, bila kunijua, kwamba kuna mwanamke wa Katumba alimmwagia mkuu wa sungusungu chungu kizima cha pombe kichwani, na mkuu akalia kama mtoto. Nikamwuliza, "Alikuwa mwanamke wa namna gani?" Akasema, "Lijitu la miraba minne." Nilinunua dagaa bila hata kuomba nyongeza.

Wengine wanasema polisi walimchukua kwa pingu. Hakuna polisi aliyekuja. Kamanda yuko Usevya, amekodi shamba la mpunga, na nasikia huko anasema zamani jeshini alikuwa mpishi. Tarumbeta amekwenda nayo. Ndiyo hivyo. Usitegemee kwamba radi ilimpiga.

Wewe nitakueleza ilivyokuwa.

Jua lilikuwa kali, watu wamejaa mpaka kwenye mihogo. Kamanda amevaa suti ya kijivu, tarumbeta iko kwenye kiti chake cha pekee kama mgeni rasmi. Yohana naye alivaa vizuri ili kumheshimu. Alivaa koti la baba yake, Mabukwe. Lile lile. Nilipomwona anatoka nalo chumbani nikasema tu, "Limekupendeza."

Mzee Bonifasi akasimama na fimbo. Akamwuliza Kamanda maswali yanayoulizwa siku zote, mbele ya watu: umewahi kuiba, umewahi kumdhulumu mnyonge, umewahi kusema uongo mbele ya fimbo. Kamanda akajibu moja baada ya jingine kwa sauti ya gwaride. Kwa lile la kudhulumu alitabasamu. "Mimi maisha yangu yote nimepuliza tu." Watu wakacheka kwa upendo. Ndipo Bonifasi akageukia umati. "Mwenye neno juu ya mtu huyu aseme sasa."

Wanaosema nilisimama kwa ushujaa wanadanganya. Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimebeba chungu, kizito, na hakuna aliyenionyesha pa kukiweka. Nikasema, "Mimi." Mke wa Bonifasi akadhani nauliza habari za chungu, akaninong'oneza, "Hapo, hapo, weka hapo." Nikaweka. Wanaume wakaanza kuchomeka mirija. Nikasema tena, "Mimi nina neno."

Yohana akaona haya. "Mama Leoni, kaa chini."

Kamanda akapunga mkono kwa ukarimu. "Mwacheni dada yetu. Labda pombe imechacha, anataka kutuonya."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa mazoea.

Kisha nikaeleza, na nilieleza vibaya. Nilianza na koti, nikarudi kwenye hodi, nikaruka mpaka kwa kijana mwenye mwanya, nikarudi tena kwenye kibuyu. Nilisema "huyo sajini", nikamwonyesha kwa kidole. Nilisema aliyechukuliwa ni baba wa huyu mume wangu, na koti lenyewe ndilo hili amelivaa. Kufika hapo hakuna aliyekuwa anacheka. Yohana alilitazama koti kana kwamba mtu mwingine amemvalisha. Nilitafuta mikono ya kumshika, na mikono ilikuwapo, vijana wawili wameshamsogelea. Lakini hakujitingisha.

Kamanda hakukasirika. Alikunjua viganja kama padri. "Yohana, ndugu yangu, wewe hukuwapo. Mama yetu amelala, hawezi kuulizwa. Kule kulikuwa na vilima vingi na walimu wengi. Je, nihukumiwe kwa mtu asiye na jina?" Akamgeukia Bonifasi. "Mzee, sheria si ni kwamba anayeshtaki mbele ya fimbo anamtaja aliyedhulumiwa kwa jina lake? Basi amtaje. Akishindwa, maneno yake yatupwe."

Bonifasi akainamisha kichwa. Sheria ndiyo hiyo.

Kamanda akanitazama, Mabukwe, na macho yake yalikuwa yametulia kabisa. Alijua mimi ni mkamwana wa nyumba ile. Kila mwanamke pale alijua, mmoja akajiziba mdomo kwa kanga. Tazama basi mtu alivyo. Kule alijificha nyuma ya amri. Hapa alijificha nyuma ya tarumbeta, na tarumbeta ilipomwangusha akaja kujificha nyuma ya adabu yangu, adabu uliyonifundisha wewe.

Nikakutafuta kwa macho. Hukuwapo. Nilitaka uwe pale pembeni unanichungulia, uone nateleza.

Nikalitaja. Lilitoka dogo, kama la mtu anayeongea na blanketi. Bonifasi akasema, "Rudia, mwanangu, hatukusikia."

Basi nikavuta pumzi nikaliita kama nilivyokuwa nikiliita nikiwa mtoto, nikitumwa kwenu kuomba moto, nasimama kwenye ua naita mpaka atoke na kalamu sikioni: Nzeyimana Gaspari!

Sijui nilitegemea nini kitokee. Kilichotokea ni kwamba Kamanda aliruka kutoka kwenye kiti. "Nilikuwa sajini tu!" akasema. "Amri ilitoka juu! Nisingemchukua mimi, angechukuliwa na mwingine! Mlitaka na mimi nife?"

Bonifasi akasema taratibu, kama anamwuliza mtoto aliyevunja kikombe: "Mpuliza tarumbeta, nani alikuamuru ukamchukue mwalimu?"

Hapo ndipo nilipomwona amesimama bila kitu mbele yake, labda kwa mara ya kwanza. Hakuwa hata mkubwa. Suti ilikuwa imembana kwapani.

Yohana akaenda kwenye chungu. Wale vijana wakamfuata, lakini mikono yake ilikuwa mitupu. Akautafuta mrija wa Kamanda, ule mpya uliofungwa utepe, ambao yeye mwenyewe alitakiwa kumkabidhi. Akauchomoa, akaulaza chini kwenye vumbi. Akasema kwa sauti yako, Mabukwe, ile ile ya bila kugeuka:

"Huyo alishakunywa kwetu."

Bonifasi akachomoa wake. Halafu katekista. Halafu mmoja mmoja, mpaka chungu kikabaki kimeduwaa. Wakaenda zao kwa miguu, hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyemgusa. Pombe hakuinywa mtu. Na nikuambie kitu kinachoniuma mpaka leo: ile pombe ilikuwa imeiva. Nilionja. Ni mara yangu ya kwanza kuipatia, na imemwagwa.

Yohana hakusema nami siku kadhaa. Kilichomuuma ni kwamba uliniambia mimi. Nikamwacha. Jana alikuja jikoni akakaa kwenye kigoda chako, akasema, "Anza tena. Anzia pale alipobisha hodi." Nikaanza.

Lala sasa. Mwambie Mwalimu, akifika kwenye ule mstari wenye jina lake, asome polepole na anisamehe. Na wewe ukitaka kunikemea, nikemee, nimeshazoea. Lakini sitaufunga tena mdomo. Dakta Sindano nimeshamsalimia kwa jina lake kamili, mkewe amefurahi. Na wajukuu zako nitawafundisha jina hilo pamoja na koti na yule kijana mwenye mwanya, ili siku yoyote atakapokuja mtu kwao na amri mkononi, wajue kwamba kuna namna mbili za kushuka kwenye lori.

Mkamwana wako,
Vero